Kuset redio za loga za data shambani, kwa walioko Dodoma na jirani zake

Mbukwenyi wadau. Hii naandika kwa wale mliofunga au mnaotaka kufunga loga (vifaa vinavyorekodi vipimo vyenyewe) za unyevu wa udongo kwenye zabibu, iwe Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, na wale wa visima wanaopima kina cha maji, alafu data zinakuja nusu nusu, leo zipo kesho hazipo. Mara nyingi sana loga yenyewe haina shida na sensa haina shida, shida ni redio imewekwa na seting zilizotoka nazo kiwandani na antena imefungwa kwenye nguzo fupi katikati ya majani. Nitaongelea zaidi redio za LoRa (redio ndogo za kutuma data mbali kwa umeme kidogo) kwasababu ndo nyingi zinazoingia sasa hivi na bei yake inashikika, lakini mengi humu yanafanya kazi hata kwa redio za aina nyingine.

Kabla ya yote, cheki masafa. Kuna watu wananunua vifaa mtandaoni kwa bei nzuri, vinafika, vimeandikwa 915, na wanawasha tu. Masafa ya 902 hadi 928 MHz ni ya Marekani, kule yako wazi kwa vifaa vidogo kama hivi, ila huku kwetu simu za mkononi zinatumia bendi ya 900, simu inarusha kwenda mnarani kati ya 880 na 915 na mnara unarudisha kati ya 925 na 960, kwahiyo ukiwasha redio ya 915 na seting za Marekani unaingilia mawasiliano ya watu na wewe mwenyewe unapigwa kelele na simu zao. Vifaa vya 868 MHz ndo vinavyoendana zaidi na mpangilio wetu, na vipo pia vya 433. Anayesimamia masafa Tanzania ni TCRA, yani Mamlaka ya Mawasiliano, na ofisi wanayo hapo hapo Dodoma, nenda ukaulize kabla hujanunua, waambie unataka masafa gani, nguvu kiasi gani na vifaa vingapi, wakuambie kama unahitaji kibali na kama kifaa chenyewe kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa. Fanya hivyo hata kama mradi ni mdogo wa loga tatu. Na ukishajua masafa, hakikisha na antena ni ya masafa hayo hayo, maana antena ya 433 ukiifunga kwenye redio ya 868 itaingia vizuri kabisa kwenye skrubu na utapata mawasiliano ya mita mia mbili tu ukabaki unashangaa. Ukitaka kupima haraka, waya wa robo wimbi kwa 868 ni kama sentimita 8.6 na kwa 433 ni kama sentimita 17.3. Na usiwashe redio ikarusha bila antena kabisa, nguvu inarudi ndani na inaweza kuua kile kichipu cha kurushia.

Haya, tuseme una loga 12 kwenye zabibu na geitwei moja (kile kifaa kinachopokea data za loga zote) iko kwenye nyumba ya pampu. Kabla hujagusa laptopu chukua daftari uchore shamba, uweke kila loga na namba yake. Namba hiyo ndo iwe anwani ya redio, ndo iandikwe kwa maka pen ndani ya kifuniko cha boksi na ndo iwe jina la faili la data, yani kitu kimoja namba moja kila mahali. Ukiacha loga mbili zina anwani moja data zitachanganyika na hutajua unyevu huu ni wa mstari wa chini kwenye mfinyanzi au wa juu kwenye mchanga, na uamuzi wa kumwagilia utakuwa wa kubahatisha. Loga za Campbell Scientific kwa mfano zinatoka na anwani ya PakBus (mfumo wao wa mawasiliano) 1 zote, kwahiyo ukinunua tano zikiwa mpya zote ni namba 1 mpaka wewe ubadilishe, na ile 4094 iache maana programu ya LoggerNet yenyewe ndo inaitumia kwenye kompyuta.

Baada ya anwani kuna namba ya mtandao, hii inatakiwa ifanane kwa loga zote zako na geitwei, na itofautiane na ya jirani. Kwenye LoRa kawaida kuna kitu kinaandikwa sync word, mitandao binafsi inatumia 0x12 na ile ya wazi ya LoRaWAN (mfumo wa mtandao unaotumia redio za LoRa na seva) inatumia 0x34, loga ikiwa na moja na geitwei ikiwa na nyingine hawatasikilizana hata ukiziweka meza moja. Kama mnatumia LoRaWAN kamili basi kila loga ina DevEUI yake, yani namba ya utambulisho, na funguo yake ya siri ya AppKey, hizo kopi na kupesti usiandike kwa mkono, herufi moja ikikosewa loga itaomba kujiunga mpaka betri iishe.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe, ile seting inayoandikwa SF. Inaanzia 7 mpaka 12. Ukiwa na SF7 redio inaongea haraka, ukiwa na SF12 inaongea taratibu sana, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo akivuta maneno ili yafike. Kwahiyo SF kubwa inafika mbali zaidi, hilo ni kweli, na hapo ndo watu wengi wanapofanya uamuzi wa haraka, wanaweka SF12 kwa loga zote wakijua wamemaliza kazi. Angalia gharama yake. Pakiti ya baiti 33, yani usomaji wa sensa chache pamoja na vichwa vyake, kwenye upana wa chaneli wa 125 kHz na CR (kiasi cha data za ziada za kurekebisha makosa) ya 4/5, kwa SF7 inakaa hewani kama milisekunde 72. Kwa SF9 ni kama milisekunde 247. Kwa SF12 ni sekunde 1.8. Hiyo ni mara 25 ya SF7! Na muda wote huo redio inakula betri kwa nguvu kamili, na muda wote huo hakuna loga nyingine inayoweza kuongea kwenye chaneli hiyo kwa SF hiyo bila kugongana nayo.

Alafu kuna kanuni ya Ulaya ambayo vifaa vingi vya 868 vinakuja nayo ndani tayari, kwamba kifaa kisikae hewani zaidi ya asilimia 1 ya muda, yani sekunde 36 kwa saa. Kwa SF12 hizo sekunde 36 ni pakiti 19 tu kwa saa. Ukiset loga itume kila dakika moja itakataa kimya kimya, haikuambii kitu, wewe unaona data zina mapengo unadhani ni mtandao mbovu kumbe redio inatii sheria yake.

Kwahiyo ushauri wangu, anza na SF7 kwa loga zilizo karibu, na upandishe moja moja kwa zile tu ambazo vipimo vimekuonyesha hazifiki. Kila hatua ya SF inakuongezea kama 2.5 dB (desibeli, kipimo cha ishara kuongezeka au kupungua) za usikivu na inakaribia kuzidisha muda hewani mara mbili. Ukiona loga inahitaji SF11 au 12 ili isikike, jua hapo tatizo ni antena au mahali, nenda karekebishe hicho kwanza. Kuna ile seting ya ADR kwenye LoRaWAN ambayo seva inachagua SF yenyewe, kwa loga ambazo hazihami ni nzuri na mimi naiunga mkono, ila kumbuka seva huwa inaangalia pakiti kadhaa zilizopita, mara nyingi 20, ndo iamue, sasa kama loga inatuma mara moja kwa saa utasubiri karibu siku nzima kabla haijatulia, usiondoke shambani baada ya dakika kumi ukasema ADR haifanyi kazi.

Upana wa chaneli uache 125 kHz. Kuna watu wanapunguza wafike 62.5 au chini ya hapo ili wapate umbali zaidi, lakini ukibana hivyo saa ya ndani ya redio inatakiwa iwe sahihi sana, na boksi lililokaa juani Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja linachemka mchana na kupoa usiku, masafa yanahama kidogo na loga inapotea mchana tu alafu inarudi jioni. Ukiona dalili hiyo ya kupotea mchana kila siku muda ule ule, cheki hapo. CR weka 4/5, panda mpaka 4/8 kama tu kuna kelele kweli, hii sio ya kuhangaika nayo.

Nguvu ya kurusha. Vifaa vingi vya 868 vimewekwa 14 dBm, ambayo ni miliwati 25, na vingine vinaweza kwenda 20 dBm ambayo ni miliwati 100. Mtu akiona data haziji anakimbilia hapo. Sasa fikiria, kutoka 14 kwenda 20 umeongeza nguvu mara nne, na kwenye anga tupu kabisa hiyo inakupa umbali mara mbili, shambani kwenye majani na vichuguu hata hiyo mara mbili huipati, na kichipu kama SX1276 kinavuta kama miliampia 120 kwa 20 dBm. Na kikubwa zaidi, ile 14 inatokana na kikomo cha kisheria kwenye masafa hayo kwa nchi nyingi, usipite bila kuuliza. Kwa upande mwingine antena iliyo karibu na ardhi, ukiipandisha urefu mara mbili, kutoka mita 1.5 kwenda 3, unapata karibu dB 6 zile zile bila kuongeza hata miliampia moja. Bomba la GI na mfuko wa saruji vinakufanyia kazi ambayo menyu ya redio haiwezi.

Hili la urefu nalisisitiza kwasababu mandhari ya huku inadanganya. Unasimama Hombolo unaona mpaka kule, tambarare, unasema hapa hakuna kizuizi. Ila redio haitaki mstari wa macho tu, inataka nafasi ya wazi kuzunguka huo mstari, inakuwa nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Kwa 868 MHz na umbali wa kilomita 3, unene huo pale katikati ni kama mita 16 kutoka kwenye mstari, na inatakiwa angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yani kama mita 10. Kwa kilomita 1 hiyo asilimia 60 ni karibu mita 5.6. Sasa antena yako iko mita 1.5 juu ya ardhi, mizabibu imefika kifuani, katikati kuna mbuyu na kichuguu, hapo ishara inakatwa hata kama kwa macho unaiona nyumba ya pampu vizuri. Huwezi kuweka mlingoti wa mita 10 kwa kila loga, najua, lakini unaweza kuweka mmoja mrefu kwa geitwei, na huo mmoja unasaidia loga zote 12. Kama pesa ni ya kitu kimoja basi iende kwenye mlingoti wa geitwei. Kwa umbali mrefu fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, chora mstari kutoka loga hadi geitwei na uangalie umbo la ardhi chini ya mstari, ile milima yetu ya mawe ikikaa katikati hakuna SF itakayopita.

Geitwei ikiwa juu, weka redio yenyewe juu pia ndani ya boksi lisiloingiza maji, usiiweke chini ndani ya nyumba alafu ukapandisha waya wa antena mita kumi. Waya mwembamba wa RG-58 kwenye masafa haya unakula karibu nusu dB kila mita, mita kumi umepoteza dB 5, karibu yote uliyoipata kwa kupanda juu. Viungio vyote vya nje zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kwasababu kiangazi vumbi linaingia na masika maji yanafuata njia ile ile.

Kuna mama mmoja mwenye shamba aliniuliza, "mwanangu, hiki chuma hakitatuvutia radi?" Ni swali la msingi kabisa na linatakiwa lijibiwe kwa vitendo. Mlingoti ufungwe waya mnene wa shaba mpaka kwenye fimbo ya eathi iliyozamishwa, kwenye waya wa antena uweke kile kizuia radi kidogo kinachoungwa na eathi hiyo hiyo, na mlingoti usiwe ndo mahali watu wanapojikinga mvua. Udongo wa huku kiangazi unakuwa mkavu sana na eathi inakuwa dhaifu, tafuta sehemu yenye unyevu au zamisha fimbo zaidi ya moja ziungwe pamoja. Waambie wafanyakazi shambani wazi wazi, mawingu ya radi yakikusanyika hakuna anayegusa mlingoti.

Muda wa kurekodi na muda wa kutuma ni vitu viwili tofauti, vitenganishe. Unyevu wa udongo kwenye zabibu haubadiliki kwa dakika, rekodi kila nusu saa na utume kila saa inatosha kabisa kuamua lini ufungue maji ya matone. Kisima kinachovutwa na pampu rekodi kila dakika 15 au hata 5 ili uone maji yanavyoshuka pampu ikiwaka, ila utume vipimo vingi kwenye pakiti moja. Na loga lazima ihifadhi data kwenye kumbukumbu yake yenyewe hata kama redio imefeli, ukikuta kifaa kinachotuma tu bila kuhifadhi usikinunue kwa kazi ya maana. Siku geitwei ikikosa umeme unaenda na laptopu unazitoa.

Na hapa kuna kitu kinachoumiza mitandao mingi midogo. Loga zote saa zake ziko sawa, zote zimeambiwa zitume kila saa kamili, kwahiyo ikifika 08:00:00 zote 12 zinaongea kwa pamoja, zinagongana, nne zinasikika nane zinapotea, na saa inayofuata hivyo hivyo. Zipange. Loga namba 1 itume dakika ya 1 baada ya saa, namba 2 dakika ya 2, endelea hivyo mpaka 12, na saa zake zilinganishwe angalau mara moja kwa wiki kupitia geitwei. Kama loga yako ina seting ya kuchelewesha kwa nasibu iwashe hata kama umepanga zamu. Ule uthibitisho wa kupokea, unaoandikwa ACK, uwashe kwa ujumbe wa hatari tu kama vile betri kuisha au kisima kukauka, kwa vipimo vya kawaida uzime, maana geitwei ikiwa inarusha majibu haiwezi kusikiliza, na loga isipopata jibu inarudia tena na tena na kuongeza msongamano.

Saa ya loga iset kwa saa za Afrika Mashariki, UTC+3, au zote ziwe UTC, chagua moja uandike kwenye daftari. Mtunza shamba akiandika amefungua maji saa 2 asubuhi wewe kwenye loga tafuta 08:00, mkubaliane mapema namna ya kuandika kabla hamjaanza kulinganisha umwagiliaji na grafu.

Kupima sasa. Funga loga pale pale itakapokaa, urefu ule ule, boksi limefungwa, kisha iambie itume kila sekunde 30 kwa muda wa majaribio huku mwenzako akisoma RSSI (nguvu ya ishara iliyopokelewa) na SNR (ishara ikilinganishwa na kelele) kwenye geitwei na kukutajia kwa simu. Sogea mbali na antena, mwili wa mtu unazuia ishara. Namba ya kuiangalia zaidi ni SNR. SF7 inaacha kueleweka SNR ikishuka chini ya -7.5, SF9 ni -12.5, SF12 ni -20. Ongeza akiba ya angalau dB 10 juu ya hapo, kwahiyo loga ya SF7 nataka nione SNR ya +2.5 au zaidi, ya SF9 nataka -2.5 au zaidi. Kwanini akiba kubwa hivyo? Kwasababu ukipima mizabibu ikiwa imetoka kukatwa, shamba liko wazi na kila kitu kinasoma vizuri, alafu mvua za Desemba mpaka Aprili zinakuja, majani yamejaa, yameloa, na kila jani lenye maji linakunywa ishara. Bora zaidi upime majani yakiwa yamekamilika, ukishindwa basi akiba iwe dB 15. Rudisha muda wa kutuma kwenye saa moja kabla hujaondoka, hili lisisahaulike maana sekunde 30 inamaliza betri haraka mno.

Kama kuna loga imejificha nyuma ya kilima, weka ripita (redio inayopokea na kurusha upya) juu ya kilima badala ya kulazimisha. Ila elewa ripita inasikiliza muda wote, na kusikiliza tu ni kama miliampia 12, hiyo kwa siku ni miliampia-saa 288 ya redio peke yake, tofauti kabisa na loga inayolala. Kwahiyo ripita inataka sola na betri ya kuivusha siku tano za mawingu bila shida. Ripita moja kati ya loga na geitwei inatosha, zikiwa mbili tatu mfululizo kila pakiti inarushwa upya kila hatua na mtandao unajaa. Izungushie miiba, ng'ombe wanapenda kujikuna kwenye nguzo na antena iliyoinama upande inapoteza ishara.

Ukimaliza yote toa kopi ya seting za kila loga na za geitwei, hifadhi kwenye faili lenye tarehe na nyingine uchapishe uiache kwenye nyumba ya pampu. Loga ikiharibika, mpya ipewe anwani ile ile, SF ile ile na dakika yake ile ile ya kutuma, kwenye daftari unabadilisha serial namba na tarehe tu, alafu upime SNR upya na uiandike pembeni ya ile ya zamani, zikitofautiana kwa zaidi ya dB 5 au 6 kagua kiungio cha antena kabla ya kitu kingine chochote.